Peoni haidanganywi kwa barafu

Nina peoni moja, ua la bustani linalopenda nchi za baridi, iliyonipa majani kwa miaka minne mfululizo bila kunipa ua hata moja. Ni ile iitwayo 'Sarah Bernhardt', yenye maua ya waridi hafifu yaliyojaa petali, iliyozalishwa Ufaransa na mzalishaji wa maua Lemoine mwaka 1906, na nakiri kwamba niliichagua kwa picha tu. Mwaka wa tatu ilichomoza vitumba viwili, vikafikia ukubwa wa punje ya njegere, vikageuka rangi ya kahawia na kukaukia juu ya vikonyo vyao. Nilipokipasua kimoja kwa ukucha, nilikuta petali zimekunjamana ndani, nyembamba na kavu, zikiwa bado hazijapata rangi. (Sisimizi waliokuwa wakizunguka pale hawakuhusika, walikuwa wakifuata utomvu mtamu tu.)

Anayefikwa na hali hiyo mahali penye kipupwe chepesi huambiwa kwamba hakumwagilia vya kutosha, au amekosa mbolea, au hana subira. Mimi naona lawama hizo zinamwendea asiyestahili. Kosa kubwa hutendeka siku ya kuchagua mche, kabla jembe halijagusa udongo, kwa kuwa baadhi ya peoni zinazosifiwa kuliko zote ndizo zisizomfaa kabisa mtu wa mahali pa joto.

Peoni za kawaida za bustanini hufa juu ya ardhi kila mwaka, ikabaki mizizi minene yenye macho, mithili ya macho ya kiazi, ambayo ndiyo yatakayotoa mashina ya mwaka ujao. Macho hayo hulala, na kinachoyaamsha sawasawa ni baridi ya muda mrefu, kama ilivyo kwa mtufaha. Wakulima huihesabu baridi hiyo kwa saa: aina nyingi huhitaji kati ya saa 500 na 1,000 katika halijoto isiyozidi nyuzi 5 hivi za Selsiasi. Saa hizo zikipungua, mmea huamka nusunusu, mashina huwa mafupi, na vitumba ama havitokei au hufa vikiwa vichanga.

Hayo yanasemwa sana. Lisilosemwa vya kutosha ni kwamba mahali penye kipupwe chepesi, mara nyingi joto la machipuko nalo huwahi kuingia, hivyo mmea uliochelewa kuamka unajikuta unafungua ua lake wakati jua limekwisha kuwa kali. Ua lenye petali zilizobanana huhitaji siku nyingi za ubaridi ili lifunguke, na likikutwa na joto katikati ya kazi hiyo hukwama. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mtu atafute kwanza peoni inayochanua mapema, na yenye petali chache, kabla hajauliza habari za rangi. 'Coral Charm' ya mwaka 1964 ni mfano mzuri wa aina inayowahi. Miongoni mwa zile zilizojaa petali, ninayoiheshimu ni 'Festiva Maxima', nyeupe yenye madoa mekundu, iliyotoka Ufaransa mwaka 1851 na kuaminiwa kwa muda mrefu na watunza bustani wa kusini mwa Marekani.

Sasa nije kwenye barafu. Kuna ushauri unaorudiwa kila mwaka kwamba mtu amwagie vipande vya barafu juu ya mizizi nyakati za usiku, naye mmea utadhani ni kipupwe cha kweli. Niliufuata kwa wiki tatu. Kipimajoto nilichokichomeka ardhini kilishuka kwa muda mfupi, na kabla ya adhuhuri kilikuwa kimerudi pale pale kilipokuwa jana yake. Deni la saa mia kadhaa halilipwi kwa bakuli la barafu. Anayetaka kuingilia kati kwa dhati na apande peoni kwenye chungu, kisha akihamishie kwenye chumba cha baridi kwa wiki kadhaa. Wazalishaji wa maua ya biashara nchini Israeli wanafanya jambo la jamii hiyo, na huongeza asidi ya jiberelini, yaani homoni ya kukuza mimea, kwenye mizizi ili ishike nafasi ya sehemu ya baridi iliyokosekana.

Jambo jingine lililonigharimu ni kina. Katika nchi za baridi kali macho hufukiwa sentimita 5 hivi chini ya udongo, lakini kwenye kipupwe chepesi yasizidi sentimita 2, ili baridi ndogo iliyopo iyafikie. Nilipoichimbua peoni yangu kwa vidole, niliyakuta macho yake mekundu yamezama urefu mzima wa kidole cha kati, kwa sababu kila mwaka nilikuwa nikimwaga samadi na matandazo juu yake nikidhani ninaitunza, kumbe ninaifunika blanketi. Siku hizi majani yakishakauka nayakata, matandazo nayaondoa, na maji nayapunguza ili mmea ulale mapema. Kivuli cha alasiri nacho kinasaidia, na udongo usiotuamisha maji ni sharti la kila mahali.

Peoni za miti, zile ambazo mashina yake hayafi kila mwaka, huridhika na baridi pungufu kuliko hizo za kawaida, na sifa hiyo imerithiwa kwa kiasi na machotara yaliyotokana na kazi ya Toichi Itoh wa Japani, aliyefaulu kuziunganisha jamii hizo mbili mwaka 1948 akafariki mwaka 1956 bila kuyaona maua yenyewe. Zipo pia peoni za porini ambazo hazijui theluji nyingi: Paeonia californica huchipuka kwa mvua za kipupwe kusini mwa California na kulala kiangazi, na Paeonia cambessedesii ni mwenyeji wa visiwa vya Baleari nchini Uhispania. Lakini mahali ambapo usiku haushuki chini ya nyuzi 10 hata kwa mwezi mmoja, ningemshauri mtu aachane na peoni kabisa.

'Coral Charm' niliyoipanda baadaye ilitoa maua matatu katika mwaka wake wa tatu. La kwanza lilifunguka likiwa na rangi ya marijani, likapauka siku hadi siku mpaka likawa rangi ya malai, na siku ya tano petali zikaanguka zote kwa pamoja. 'Sarah Bernhardt' nimeipandikiza upya, macho yakiwa karibu na uso wa udongo, nayo mwaka huu imetoa majani.