Mbona Umenipiga Mchana?

Mama anayechoma mahindi karibu na mnara wa saa hapa Moshi aliipokea simu yangu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali kidogo na macho, akaitazama picha niliyokuwa nimempiga juzi yake. Nilikuwa nimeihangaikia siku mbili. Theluji ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ilionekana, madirisha ya ghorofa yalionekana, hata punje za mahindi kwenye sinia ungeweza kuzihesabu. Akakaa nayo kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, mbona umenipiga mchana? Mimi nawasha jiko jua likishazama."

Picha ile niliipiga karibu na saa moja usiku. Lakini nilipoitazama tena kwa macho yake, niliona kweli ni mchana. Mkaa uliokuwa mwekundu ulikuwa na rangi ya jivu. Uso wake ulioangazwa na moto kutoka chini ulikuwa umemulikwa kila upande, kama uso wa picha ya pasipoti. Tangu siku ile nina msimamo, nao ni huu: kuunganisha picha kadhaa zenye mwanga tofauti ziwe picha moja, kama nilivyofanya kwa hiyo, ni ufundi halali, na anayependa kupiga mji wake usiku anapaswa kujifunza. Ila ajifunze kwa mkono kwanza, na asiliondoe giza ambalo macho yake yaliliona.

Kwa nini tuunganishe kabisa? Anayeijua Moshi anajua jibu. Mchana mlima umejifunika mawingu, unaweza kumaliza wiki mjini usiuone. Jioni mawingu yanaachia, na kwa dakika chache baada ya jua kutua kwetu huku chini, kilele kilicho mita 5,895 bado kinapata jua. Theluji inakuwa ya waridi wakati barabarani taa zimeshawaka na bodaboda zimewasha zao. Binadamu anaona vyote viwili bila shida, kwa sababu jicho likihama kutoka mlimani kwenda kwenye jiko linajirekebisha njiani. Kamera haina nafasi hiyo. Ukiipa mwanga wa kutosha theluji, mji unakuwa shimo jeusi. Ukiupa mji, mlima unaungua unakuwa karatasi nyeupe.

Jioni ile, tundu la lenzi likiwa f/8 na ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, ikiwa 100, theluji ilitaka kamera ifunguke sehemu 1 ya 30 ya sekunde. Anga ilitaka 1/8, kuta za maduka nusu sekunde, na kivuli cha mama pale chini kilitaka sekunde 2 nzima. Kila moja ina mwanga mara nne wa iliyotangulia, yaani stopu mbili, kwa kuwa kila stopu ni mwanga mara mbili. Kati ya ya kwanza na ya mwisho tofauti ni kama mara 64. Mzigo huo ni mgumu kwa picha moja kuubeba bila kupoteza kitu huku au kule, hata ukipiga kwa faili la RAW, lile ghafi linalohifadhi kila kilichopokelewa na kamera.

Wapo wanaosema huu ni udanganyifu, kwamba picha ya kweli ni mbofyo mmoja. Nawaheshimu, lakini nadhani wanakosea historia. Miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akichapa baadhi ya picha zake za bahari kwa negativu mbili, zile picha za kwanza zenye mwanga na giza vilivyogeuzwa, moja ya mawingu na moja ya maji. Kemikali za wakati ule ziliipokea bluu kwa nguvu mno, hivyo ukisubiri maji yatokee, mbingu imeshaungua. Shida yake ndiyo shida yangu na theluji. Ninapotofautiana naye ni pale alipochukua mbingu ya picha moja akaiweka juu ya bahari ya nyingine. Mimi nataka vipande vyote vitoke jioni moja, mahali pamoja, na tripodi, ile stendi ya miguu mitatu ya kamera, isisogezwe hata kidogo. Theluji nimeipiga dakika ishirini hivi kabla ya mkaa, nakiri, na yeyote akiniuliza nitamwambia. Lakini aliyekuwa amesimama pale dakika hizo ishirini aliviona vyote.

Hoteli moja mjini iliwahi kuitaka picha yangu ya aina hii kwa ajili ya ukuta wa mapokezi. Walikuwa na ombi moja, niukuze mlima kidogo. Nilikataa. Kilimanjaro hauhitaji msaada wangu.

Sasa nirudi kwenye kosa langu, maana ndipo penye somo. Ile picha ya kwanza niliiachia programu. Niliitupia faili nne, nikabonyeza, nikapata jibu baada ya sekunde chache, kisha siku mbili nikazimalizia kuchezea rangi. Programu nyingi za kazi hii zinafuata mbinu iliyoelezwa mwaka 2007 na Mertens, Kautz na Van Reeth. Kila nukta ya kila picha inapewa alama kwa mambo matatu: inatofautiana kiasi gani na jirani zake, rangi yake imekolea kiasi gani, na iko karibu kiasi gani na mwanga wa katikati, usio mweusi wala mweupe. Yenye alama nyingi inapewa nafasi kubwa zaidi. Ni mbinu nzuri, na kwa chumba chenye dirisha inafanya kazi vizuri sana. Lakini soma tena hilo la tatu. Programu inapenda katikati. Ikikuta kivuli inakivuta juu, ikikuta mwali inaushusha. Usiku wa mjini haukai katikati. Umejaa weusi mwingi na vijito vichache vya mwanga, na mkaa ni mwekundu kwa sababu pembeni yake kuna giza. Ondoa giza hilo, na mkaa unapoa.

Kwa mkono kazi inaenda hivi. Ninafungua GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, na kuzipanga picha kama shuka kitandani, moja juu ya nyingine. Ya chini kabisa inakuwa ile ya nusu sekunde, ndiyo godoro. Juu yake naweka ya theluji na kuifunika yote kwa maski nyeusi, yaani pazia ambalo palipo peusi panaficha picha na palipo peupe panaionyesha; haionekani tena. Halafu nachukua brashi laini yenye rangi nyeupe, nguvu yake asilimia 10 au 15 tu, napaka kwenye maski pale kilele kilipo. Pole pole, pito baada ya pito, theluji inajitokeza. Nikizidisha, narudi na rangi nyeusi. Kila sehemu naiuliza: pale barabarani nilikiona hiki, au nakitaka tu?

Penye kazi hasa ni ukingo wa mlima. Kibo umekaa kama kuba, unasamehe. Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, mita 5,149, umechongoka kama meno, na brashi ikipita kwa haraka inaacha utando mweupe unaoufuata mlima wote, ule ule unaoziumbua picha nyingi tunazoziona. Nilipata nafuu nilipojifunza kutengeneza maski kutokana na mwanga wenyewe: unaichukua nakala ya picha ikiwa nyeusi na nyeupe, unaigeuza kuwa maski, na anga iliyong'aa inajichagua hadi kwenye ncha ya mwisho ya jabali. Mwamba mweusi unabaki nje bila kuguswa. Ningekuwa nafundisha, ningeanza na hilo.

Bodaboda zina adabu yake pia. Taa ya pikipiki inakuwa mahali pamoja katika picha ya kwanza, pengine katika ya pili, na ukizichanganya unapata vipande vya taa vinavyoelea bila chombo. Dawa ni kuchagua picha moja tu kwa ajili ya barabara, na kwa sehemu hiyo usichanganye chochote. Na lori likipita, ardhi inatikisika, tripodi inatikisika nayo. Subiri lipite. Ninatundika begi langu chini ya tripodi, nafunga umakini wa lenzi usihamehame, nazima kitulizi cha mtikisiko, natumia kihesabio cha sekunde mbili ili kidole changu kisiguse kamera wakati wa kupiga.

Tatizo kubwa lilibaki kwa mama mwenyewe. Sekunde 2 ni nyingi kwa mtu anayegeuza mahindi, mikono yake ilikuwa moshi mtupu. Kwa hiyo nilirudi jioni nyingine, nikapiga yote upya, na kwa ajili yake nikaongeza picha moja ya ISO 1600 kwa 1/8 ya sekunde. Mwanga ni ule ule wa sekunde 2 kwa ISO 100, chengachenga zinaongezeka, lakini mkono unatulia ukipiga pale anaposita kidogo kabla ya kugeuza. Nilichukua kutoka picha hiyo uso wake, mikono na jiko, basi. Mkaa niliutoa kwenye ile ya nusu sekunde, ambako ulikuwa bado mwekundu na kingo zake za majivu zinaonekana. Nyuma yake, ukuta wa duka lililofungwa niliuacha uwe mweusi. Nilijaribiwa kuuinua, kwa sababu kuna maandishi mazuri ya rangi pale. Lakini nikiwa nimesimama barabarani sikuyasoma.

Niliichapisha kwenye karatasi, si kwenye simu, nikampelekea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenileta usiku leo?"

Akajifuta mikono kwenye khanga, akaishika karatasi karibu na jiko ili apate mwanga wa kuitazama. Akapitisha kidole juu ya mlima bila kuugusa, akashuka nacho hadi kwenye makaa. "Haya ndiyo," akasema. "Hapa nilikuwa sijayapepea bado." Kisha akaniuliza kama naweza kumtolea nyingine, ya kumpelekea dada yake Rombo.