Kaye na kompyuta zikikubaliana kupita kiasi

Miezi mitatu mizima kaye, yaani daftari la stoki, na kompyuta zilitoa hesabu moja, hadi katoni ya mwisho. Nilifurahi. Nilipaswa kushtuka.

Ilikuwa kwenye depo moja ya dawa hapa Lubumbashi, upande wa Kamalondo. Waliniita niwasaidie kuhama kutoka kaye za stoki kwenda kwenye programu mpya. Patron, mwenye depo, aliniuliza swali ambalo wote huuliza: tufunge kaye leo na kesho tuamkie kwenye kompyuta, au tutembeze zote mbili kwa muda? Nikamjibu haraka: zote mbili. Ndivyo tulivyofundishwa. Mpya ikianguka, ya zamani bado imesimama.

Halafu ikaja siku ya kuhesabu kwa mikono. Parasetamoli: kaye ilisema katoni 48, kompyuta ikasema 48, kwenye rafu zilikuwepo 31. Tukarudia kuhesabu, tukahamisha hata sirop zilizokuwa mbele. 31. Zile 17 zilikuwa zimekwenda kwenye duka la pili la patron kwa boni tu, kile kikaratasi cha kutolea bidhaa. Dereva alizipakia mchana, boni ikabaki kwenye msumari ukutani, na hakuna aliyeiandika popote.

Nikamwuliza mama wa stoki, inakuwaje mashini nayo haikuona?

“Papa, mchana kuna wateja, siwezi kuandika mara mbili. Jioni ninachukua kaye, ninanakili kwenye mashini. Si mulisema zilingane?”

Nilisema hivyo, ndiyo. Nilikuwa na mashahidi wawili, kumbe mmoja kafundishwa maneno na mwenzake. Kama kompyuta ingelishwa boni zenyewe pale mlangoni, na kaye ikaendelea na njia yake ya zamani, tofauti ingetokea wiki ya kwanza, na ndiyo sababu hasa ya kutembeza zote mbili. Kuandika mara mbili si kulinganisha.

Kosa silimwekei yeye. Tukisema “tutembeze zote mbili” tunasema kana kwamba mifumo ndiyo itakayotembea. Anayetembea ni mtu mmoja, yule yule, kwa mshahara ule ule, na saa zake za kurudi nyumbani ndizo zinazoliwa. Kama hakuna mtu wa pili, wala saa ya ziada inayolipwa, afadhali usianze. Utapata nakala, na nakala haijawahi kugundua kosa.

Je, basi tufunge ya zamani na kuanza mpya siku moja? Kuna mambo yasiyotaka njia nyingine. Madereva wa malori wanaotoka Zambia wanalijua hili: kule wanashika kushoto, wakivuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia kwetu Kongo wanashika kulia, na hakuna nchi ya katikati ya kujizoeza. Sweden ilihamisha magari yake yote kutoka kushoto kwenda kulia alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967. Huwezi kusema malori yaanze wiki hii, magari madogo yafuate wiki ijayo.

Lakini depo si barabara. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake, zaidi ya milioni 5, katika wikendi moja ya Aprili 2018. Data zenyewe zilifika salama. Mfumo mpya ndio uliokwama, watu wengi wakashindwa kuziona hela zao, na mambo hayakutulia kabisa hadi Desemba. Mwaka 2022 wasimamizi waliipiga faini ya pauni milioni 48.65. Ninachokiona pale ni kwamba hakukuwa na njia rahisi ya kurudi nyuma. Mwenye depo ya Kamalondo naye hana hela ya kulipia miezi minane ya matatizo.

Wenye umri wangu tuna mfano wetu wenyewe. Oktoba 1993 serikali ya Mobutu ilileta pesa mpya, zaire mpya, moja kwa zaire milioni 3 za zamani. Watu wa mkoa wa Kasai wakaikataa, wakaendelea kununua na kuuza kwa noti za zamani. Nchi moja, pesa mbili, bila mtu kupanga iwe hivyo. Franka ilipokuja tarehe 30 Juni 1998, moja kwa zaire mpya 100,000, noti za zaire ziliachwa zitembee nayo kwa muda, kisha zikaondolewa Juni 1999. Mara hii ya zamani ilikuwa na tarehe yake ya kufa. Kaye isiyo na tarehe hiyo haifi. Nimeona ofisi ambayo “muda wa mpito” umefika mwaka wa nne.

Wahasibu watakuambia uhame tarehe 1 Januari, kwa kuwa mwaka wa hesabu wa OHADA, sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, unafuata kalenda. Kwa vitabu vya hesabu wana haki. Kwa stoki, hapana. Siku hizo nusu ya watu wako kwenye sikukuu, na nusu nyingine wanahesabu bidhaa za mwaka mzima.

Siku hizi ninaanza na kona moja. Pale depo, safari ya pili, tulianza na rafu ya sirop peke yake. Kijana mmoja alikaa mlangoni na boni, mama akabaki na kaye yake, na ilikatazwa mmoja kutazama kazi ya mwenzake kabla ya saa kumi na moja jioni. Siku ya kwanza tofauti zilikuwa tisa. Mama alicheka, patron hakucheka. Baada ya wiki nne, zilizobaki tuliweza kuzieleza moja moja, tukaenda rafu inayofuata.

Kuna kaye moja tuliyoiacha, ya siku umeme unapokatika. Kurasa zake zina namba, na umeme ukirudi kilichoandikwa kinaingizwa kabla ya mtu kwenda nyumbani. Hiyo ni taa ya akiba, si mfumo wa pili. Wengi huchanganya, na kwa mlango huo kaye ya zamani hurudi taratibu hadi inatawala tena.

Zile nyingine zimefungwa kwenye kabati la patron, na ufunguo mama wa stoki hana. Wiki ya kwanza aliuomba, sikukubali. Wiki ya pili akauomba tena: alikuwa anatafuta namba ya simu ya mteja wa Likasi, aliyokuwa ameiandika kwenye jalada la nyuma. Tulihamisha kila kitu, ila majalada hakuna aliyeyafungua.