Mgongo wa shangazi unafuata mwezi

Kuna kijana mmoja na spika yake, stendi siitaji, ana deni langu la shilingi 35,000. Kusema kweli si langu, ni la shangazi. Ila shangazi akipigwa, wa kupigiwa simu ni mimi.

Bidhaa yenyewe ni mkanda. Mweusi, mpana, una vibati ndani na ule ubandiko wa kubandika na kubandua kama wa viatu vya chekechea. Kwa mujibu wa spika, unaondoa maumivu ya mgongo, kiuno na nyonga, unasafisha figo, unarudisha heshima ya ndoa, na ukiwahi leo unaongezewa jozi ya soksi. Shangazi aliwahi. Soksi alipewa.

Akauvaa kule Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, Mwanza, juu ya gauni, chini ya kanga. Wiki ya kwanza akanipigia: "Mwanangu, mgongo umepona, Mungu ambariki yule kijana." Nikameza maneno yangu. Wiki ya tatu akapiga tena: mgongo umerudi vilevile, na sasa kiuno nacho kimebabuka. Vikao vya majirani vikaanza. Wa kwanza akasema figo. Wa pili akasema si figo, maana yeye amechunguza kwa muda mrefu na ameona maumivu yanakuja na kuondoka na mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, shangazi anaimba kwaya na kucheza. Mwezi ukipotea, anatembea kashika ukuta. Na kitu kinachofuata mwezi, kwetu kina jina lake, na jina hilo halitajwi usiku.

Mimi si daktari, nina steshenari Nyegezi. Lakini nimezaliwa ufukweni, na hii hesabu mtoto wa ziwa hapaswi kuikosa. Dagaa wanavuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, mitumbwi inapumzika, na wanaoanika, shangazi akiwa mmoja wao, wanapumzika nao. Giza likirudi, ndoo zinarudi. Jirani hakukosea, mgongo unafuata mwezi kweli. Ila katikati hapo kuna dagaa, si jini. Na ule mkanda? Aliununua mbalamwezi ikiingia. Wiki ile ya kupona hakuwa ameinama hata siku moja! Kijana wa spika alilipwa 35,000 kwa kazi iliyofanywa na mwezi bure.

Nilikwenda giza lililofuata. Nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nikamtazama. Anamwaga dagaa, anainamia kiunoni, miguu imenyooka, mkono wa kulia unasambaza, wa kushoto umeegemea goti. Anachambua nyasi, anatupa furu, wale samaki wengine wadogo, anarudi nyuma hatua moja, anasambaza tena. Kuanzia saa moja na nusu hadi saa nne kasoro aliinuka mara tatu, na mara mbili kati ya hizo ilikuwa simu. Baada ya hapo kuna kugeuza. Jioni kuna kukusanya. Wingu likionekana upande wa ziwa, kuna kukusanya kwa mbio.

Sasa niambie, hapo figo imeingilia wapi? Hii nchi ukisema mgongo tu, mtu wa kwanza anakwambia figo, wa pili anakwambia kunywa maji mengi, wa tatu ni duka la dawa na sindano ya matakoni. Maumivu ya figo mara nyingi yanakaa juu zaidi, chini ya mbavu, upande mmoja, yanaweza kuja na homa au mkojo uliobadilika, na hayajali kama umeinama au umesimama. Mgongo unaouma ukiinama na kupoa ukilala unakueleza wenyewe umetoka wapi.

Uti wa mgongo una pingili 33, za chini zimeungana, na kati ya zile zinazocheza kuna diski. Diski ya mtu mzima karibu yote haina mishipa ya damu. Inapata maji na chakula chake kwa kubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, kama sponji. Ndiyo maana asubuhi wewe ni mrefu kuliko jioni, kwa sentimita moja hivi. Ukiinama saa mbili mfululizo, sponji imebanwa tu. Misuli ya mgongo imebeba kiwiliwili chote bila kupumzika, na kano zinavutika polepole mpaka zinalegea. Kisha unainuka ghafla na ndoo. Kichwa nacho ni hivyohivyo, kina kilo 5 hivi, mfuko mmoja wa sembe. Ukumbatie kifuani, hauna shida. Ukiunyooshea mkono mbele dakika tano, tutaongea vizuri. Shingo yako inafanya hivyo kila ukiinamia simu.

Nasema "yako", lakini mimi mwenyewe miaka minne nimekalia viti viwili vya plastiki vilivyopandana ili niifikie meza, laptopu iko chini ya kifua, shingo mbele kama kobe anayechungulia mvua. Kila jioni maumivu kati ya mabega, na kila jioni nalaumu mto wa kulalia. Nimenunua mito mitatu.

Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa na fimbo maalumu kwa ajili ya hili. "Mgongo!" anapiga kelele, na dawati la wawili lililokaa wanne linanyooka lote. Nakubali, kwa shingo upande na shingo yenyewe bado inauma, kwamba alikuwa na nusu ya ukweli. Nusu nyingine hakuwa nayo. Watafiti wametafuta mkao mmoja sahihi kwa miaka mingi na hawajaupata, na mtu aliyejikaza wima kama mlingoti kutwa nzima naye anaumwa. Kinachouchosha mwili ni kukaa namna moja muda mrefu. Ndiyo maana dawa yangu haikuwa kiti. Laptopu nimeiinua kwa rimu tatu za karatasi, kibodi ya pembeni nimenunua 12,000, na mashine ya kutoa kopi nimeihamishia kona ya mbali, makusudi. Kila mteja wa kopi ananinyanyua. Mwanzoni niliwachukia. Maumivu ya mabega hayajaisha, ila yamehama kutoka kila siku hadi siku za mitihani.

(Safari ya kutoka Nyegezi hadi Igombe nilipanda Hiace mbili, moja nimesimama. Mnaojua mnajua: kisogo kwenye paa, kidevu kifuani, konda anasema nafasi ipo nyuma. Yule hahitaji somo la mkao, anahitaji polisi.)

Lakini hasira yangu hasa si ya mkanda. Hasira yangu ni kwamba sisi tumegeuza kuinama kuwa tabia njema. Msichana akifagia na chelewa amepinda kama ndoana, huyo kalelewa. Akiifunga chelewa kwenye mti afagie amesimama, anajidai, anafagia kama mgeni. Beseni la nguo liko chini, jiko la mkaa liko chini, vyombo viko chini, dagaa wako chini, na mtoto yuko mgongoni juu ya yote hayo. Sasa angalia kazi ambazo wanaume wanalipwa. Seremala ana meza. Muuza nyama ana meza. Kinyozi kamkalisha mteja juu, yeye kasimama. Isipokuwa fundi baiskeli, na kuli wa soko la samaki la Mwaloni ambaye ana msalaba wake mwingine wa magunia. Kuweka beseni juu ya stuli ni bure. Bure! Nimelisema nyumbani, dada yangu akanijibu kwamba nikianza kufua nitaruhusiwa kupanga beseni likae wapi. Ana haki, na beseni limepanda juu ya stuli Jumamosi zangu.

Na kwenye dagaa suluhisho lipo miaka yote: kichanja. Miti, kamba, wavu wa zamani, urefu wa kiuno. Wanaovipigia debe wanaongelea mchanga, kwamba dagaa wa kichanja ni safi na wana bei. Kweli kabisa. Ila hata mmoja sijamsikia akiutaja mgongo wa anayewaanika. Mlaji asitafune mchanga, hiyo ni hoja. Mama kutembea kashika ukuta, hiyo ni figo.

Mikanda, kwa mnaotaka kubishana: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unasema isitolewe kama tiba ya kawaida. Unataja mazoezi, elimu na tiba ya viungo. Shirika hilohilo linahesabu watu milioni 619 waliokuwa na maumivu hayo mwaka 2020. Shangazi nilipomtajia mazoezi alicheka mpaka akakaa chini.

Kitu kimoja bila utani. Mgongo ukiambatana na miguu kufa ganzi au kulegea, mkojo au choo kukushinda kuzuia, homa, kukonda, jasho la usiku, au umeanza baada ya kuanguka, acha blogu hii nenda hospitali leo. Kifua kikuu kinaingia hadi kwenye pingili, na hicho hakitibiwi na stuli.

Kichanja tulikijenga mbalamwezi iliyofuata. Nilimsimamisha, akakunja kiwiko, nikatia alama chini kidogo ya kiwiko, fundi akakata miti hapo. Shangazi hakupenda. Alisema kichanja ni cha wenye mitaji, na kwamba watu watamwona anaanika kama anauza duka. Giza likaingia, akafanya kazi wiki nzima, nikasubiri simu.

"Mgongo haujambo," akasema. "Sasa miguu ndiyo inauma kwa kusimama." Nikamwambia aweke ndoo pembeni, akae akichambua, asimame akisambaza. Akanyamaza kidogo. "Wabeja, mwanangu," ndiyo asante ya Kisukuma. "Ila ungesema mapema."

Mguu mmoja wa kichanja ulikuwa unayumba. Ameufunga kwa ule mkanda, vibati na vyote, na umeshika vizuri sana. Soksi bado anazivaa.