Maswali ya Wodini Yanayoishia Kwenye Simu Yangu

Ukisomea udaktari katika ukoo ambao haujawahi kuwa na daktari, unateuliwa kuwa zahanati ya ukoo mzima, bila barua wala posho. Uteuzi unaanza ukiwa bado chuoni unakariri majina ya mifupa, na hauna kustaafu. Asubuhi mtoto wa binamu ana homa. Mchana inaingia picha ya upele iliyopigwa gizani, hujui kama ni mgongo au goti. Usiku anaingia shangazi: "Mwanangu hujambo? Samahani kukusumbua, najua una kazi nyingi. Leo nimepima presha, 124 kwa 78. Si nimepona sasa? Niziache zile dawa?"

Madaktari wenzangu wengi wanaona haya ni usumbufu. Kuna anayejibu "nenda hospitali" kwa kila kitu, na kuna aliyebadilisha namba kabisa. Siwalaumu. Ila mimi swali la shangazi naliona halali kabisa. Kinachoniudhi ni kwamba lilitakiwa lijibiwe wodini, siku aliyoruhusiwa, na mtu aliyekuwa amesimama pembeni ya kitanda chake. Mtu huyo alikuwa daktari tarajali, aliyemaliza chuo na bado yuko kwenye mwaka wa mafunzo ya kazi, na kwa kila dalili alikuwa hajalala.

Nimjibu kwanza shangazi, maana wapo wengi wenye swali kama lake. Hapana, usiache. Presha imeshuka kwa sababu unakunywa dawa. Ukiziacha itapanda tena, na mara nyingi haitakuambia, kwa sababu presha ya kupanda inaweza kukaa mwilini miaka bila kuuma popote. Anayengoja kichwa kimgonge ndipo anywe kidonge anaweza kugongwa na kiharusi kwanza. Na kama umepewa amlodipine kisha miguu ikaanza kuvimba kifundoni, usiamue mwenyewe kwamba "zimeshaharibu figo" ukazitupa. Uvimbe huo ni tabia inayojulikana ya dawa hiyo. Rudi useme, utapunguziwa dozi au kubadilishiwa.

Kuyaeleza hayo ana kwa ana ni dakika tatu, nne akiuliza swali. Sasa tuone zinapotelea wapi.

Nilipomwomba shangazi anipigie picha karatasi yake ya kuruhusiwa, ilikuja imepinda, dole gumba limefunika tarehe. Mistari minne ya Kiingereza cha vifupisho, majina mawili ya dawa, "1×1", "rudi kliniki baada ya wiki mbili", kisha sahihi iliyoanza vizuri ikaishia kama mkia wa mjusi. Aliyeiandika simfahamu, ila mwandiko ule naufahamu. Ni mwandiko wa alasiri ya siku ya pili. Herufi za mstari wa kwanza zimesimama, za mstari wa nne zimelala.

Kwa wasioifahamu kazi yenyewe: Tanzania ukimaliza miaka mitano ya shahada ya udaktari, Baraza la Madaktari halikupi usajili kamili hadi umalize mwaka mmoja wa utarajali katika hospitali iliyoidhinishwa, ukizunguka idara moja baada ya nyingine: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi. Mwaka huo ni wa kujifunza, hilo halina ubishi. Lakini mtu yule yule ndiye pia mikono ya hospitali. Ndiye anayetoa damu, anayeweka kanula ya dripu, anayekimbilia maabara kufuata majibu, anayebembeleza benki ya damu itoe chupa moja zaidi, anayeandika faili, na mhudumu akikosekana ndiye anayesukuma machela.

Siku ya zamu inaanza kwenye kikao cha asubuhi. Halafu raundi na bingwa, halafu kazi zote zilizoagizwa kwenye raundi, halafu jua linazama na wenzako wanaondoka. Usiku ni wako. Saa tisa usiku sista anakuamsha kama umebahatika kujilaza: "Dokta, kitanda namba sita amebadilika." Kila aliyewahi kulala chumba cha zamu anajua neno hilo linavyomtoa mtu kitandani kabla hajajua anaitwa nani. Kukicha hakuna kwenda nyumbani. Unasimama kwenye kikao kueleza wagonjwa wote uliowapokea usiku, unaingia raundi tena, na mchana, ukiwa umeshapita saa 30 tangu uingie kazini, unakabidhiwa mafaili ya wanaoruhusiwa. Ndugu wako mlangoni na mabegi, bajaji inangoja nje. Hapo ndipo shangazi yangu alipotakiwa kupata dakika zake tatu.

Hakuzipata. Angezipata kwa nani?

Usingizi una hesabu zake zinazopimika. Mwaka 1997 Dawson na Reid, watafiti wa Australia, walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya watu waliokeshwa. Mtu akikaa macho saa 17 utendaji wake unashuka hadi kufanana na wa mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika saa 24 anafanana na mwenye asilimia 0.10. England, kwa mfano, dereva anakamatwa akizidi 0.08. Mwaka 2004 ukafuata utafiti wa Boston, katika wodi za wagonjwa mahututi za hospitali ya Brigham and Women's. Matarajali waliofuata ratiba ya kawaida ya zamu ndefu walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi kuliko walipopewa zamu fupi. Hospitali tajiri ile, ina mashine za kila aina na watu wa kutosha.

Hapa kwetu basi la Dar kwenda Mwanza abiria wanataka liwe na madereva wawili, na akionekana mmoja anasinzia watamshusha kwa kelele. Abiria hao hao wakifika wodini wanamkabidhi mama mjamzito kwa kijana aliyekesha tangu jana asubuhi, na wanamshukuru.

Wakubwa zetu wana jibu lao, na nimelisikia kwenye vyumba vya chai vya hospitali zaidi ya moja: "Sisi wakati wetu mtu alikuwa peke yake wodi nzima, na tumekuwa mabingwa." Ni kweli mmekuwa mabingwa, shikamooni. Ila wakati huo hakuna aliyehesabu wagonjwa walioondoka bila kuelewa ugonjwa wao, kama ambavyo leo hakuna anayewahesabu.

Kuna hoja yao nyingine yenye uzito zaidi. Wanasema ukifupisha zamu unaongeza makabidhiano, na kila mgonjwa anapokabidhiwa kitu kinadondoka njiani: kipimo kilichosubiriwa, mzio uliotajwa kwa mdomo tu. Marekani wamelipitia hilo. Baada ya kifo cha Libby Zion, binti wa miaka 18 aliyefia katika hospitali ya New York mwaka 1984 mikononi mwa madaktari wanafunzi, jimbo lile liliweka ukomo wa saa 80 kwa wiki, na mwaka 2003 ukomo huo ukawa wa nchi nzima. Mwaka 2011 wakaenda mbali zaidi: tarajali wa mwaka wa kwanza asizidi saa 16 mfululizo. Mwaka 2017 wakaufuta huo wa saa 16, baada ya utafiti kutoonyesha kwamba wagonjwa walikuwa wamepona zaidi. Wanaotaka tuendelee na mkesha huipenda sana sehemu hii ya hadithi. Husahau kusema kwamba hata baada ya kuufuta, ukomo wa saa 80 kwa wiki ulibaki, na saa za mfululizo zinaishia 24, na nne juu yake za kukabidhi wagonjwa na masomo. Ulaya kwenye sheria ni wastani wa saa 48 kwa wiki, na tangu 2009 zinawahusu hata madaktari walio mafunzoni. Marekani wanabishana kuhusu saa 16 au 28. Sisi bado hatujaanza kuziandika.

Mambo ya madaktari vijana yanapofika kwenye habari, yanafika kwa mlango wa pesa tu. Mgomo wa Tanzania wa 2012 ulianzia kwenye posho za matarajali, na wengi wanaukumbuka kwa kutekwa kwa kiongozi wa madaktari waliogoma, Dk. Steven Ulimboka, mwezi Juni mwaka huo. Mgomo wa Kenya wa 2024 ulidumu siku 56, na mgogoro mkubwa ulikuwa malipo ya matarajali: mkataba wa 2017 uliwapa shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi, serikali ikasema inaweza 70,000. Pesa ni haki yao, na mkataba ni mkataba. Lakini kwenye mabishano yale ya tarakimu nilitamani mtu asimame aulize kijana huyo, awe amelipwa 70 au 206, amelala kwa saa ngapi kabla ya kukishika kisu. Mlipaji na mgonjwa wote wana maslahi kwenye jibu.

Cha kushangaza ni kwamba watu wa kugawana nao zamu wapo. Wako mtaani. Ninawajua madaktari waliomaliza utarajali, wana leseni, na wanachofanya ni kufungua mtandao kila asubuhi kuangalia kama serikali imetoa ajira. Mmoja anauza vifaa vya simu, na anaviuza vizuri. Kwa hiyo tuna wodi ambayo mtu mmoja anafanya kazi ya wawili, na nje ya geti kuna huyo wa pili anasubiri tangazo. Kwangu hili ni suala la bajeti tu, na linaniudhi kuliko yote niliyoandika hapa, kwa sababu wale vijana tumeshawasomesha kwa gharama.

Na tusidhani swali lisilojibiwa wodini linakufa. Linatafuta mwingine wa kulijibu. Likikosa daktari wa ukoo linakwenda duka la dawa, likitoka hapo linakwenda kwa video ya mtu aliyevaa koti jeupe anayeuza unga wa mizizi. Chukua homa. Mtu amepimwa kwa kipimo kile cha haraka cha tone la damu, amekutwa na malaria, amepewa dawa ya mseto: vidonge 24 kwa mtu mzima, vinne vinne mara sita ndani ya siku tatu, dozi ya pili zikipita saa nane tangu ya kwanza, na vinafanya kazi vizuri zaidi vikifuatana na chakula chenye mafuta, hata kama si mengi. Hakuna aliyemwambia hilo la chakula, wala kwamba akijisikia nafuu siku ya pili asiviweke kabatini kwa ajili ya homa ijayo. Baada ya wiki bado ana uchovu, anapima tena kwa kipimo kile kile, mstari unatokea, na anaambiwa "malaria sugu". Kumbe kipimo hicho kinasoma mabaki ya protini ya vimelea, ambayo yanaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Alihitaji kuangaliwa kwa hadubini. Anapewa dozi nyingine, na mara nyingi sindano juu yake.

Taifodi ndiyo usiseme. Kipimo cha Widal kinachotumika vituo vingi kinaangalia kingamwili, na kingamwili zinaweza kuwepo kwa sababu uliugua zamani au kwa sababu ya maambukizi mengine kabisa. Kuotesha damu maabara ili bakteria mwenyewe aonekane ndiko kunakoaminika, na vituo vingi havina uwezo huo. Ndiyo maana mtaani kwetu kila mwenye mwili mchovu ana "taifodi" inayorudi kila baada ya miezi mitatu, na antibayotiki zake zimezoeleka kama karanga. Wakati huo mtoto anayeharisha, ambaye anahitaji maji ya ORS na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, ananyweshwa Flagyl iliyobaki ya kaka yake.

Yote hayo ninayajibu kwenye simu, na nitaendelea. Lakini simu haimfikii mgonjwa asiye na mpwa daktari, na hao ndio wengi.

Ninachokitaka hakihitaji tume. Aliyekesha aondoke baada ya kukabidhi wagonjwa asubuhi, na asikabidhiwe faili la mtu anayeruhusiwa. Kazi ya kuruhusu wagonjwa apewe aliyelala. Karatasi ya kuruhusiwa iwe na upande wa pili kwa Kiswahili, mistari mitano inatosha: unaumwa nini, dawa hii ni ya nini, ya muda gani, kitu gani kikitokea urudi haraka, urudi lini. Halmashauri zinazolalamika hazina madaktari zipewe kibali cha kuajiri hawa waliopo mtaani hata kwa mkataba. Na kile kitabu ambacho tarajali anajaza mwaka mzima, anachoandika amezalisha wangapi na amesaidia upasuaji mara ngapi, kiongezwe safu mbili, saa aliyoingia kazini na saa aliyotoka, zisainiwe na bingwa yule yule anayesaini upasuaji.