Gemu za Zamani Zing'arishwe, Lakini Ukungu Wake Ubaki

Ukikwea hadi kilele cha mlima Chiliad katika Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004, huoni mbali. Mbele yako umetanda ukungu, na nyuma ya ukungu huo yako mashamba, jangwa na miji ambayo umeshaipita au bado unaisikia ikitajwa tu. PlayStation 2, konsoli (mashine ya kuchezea gemu) ya siku zile, ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32. Haikuweza kuchora jimbo zima kwa mpigo mmoja, kwa hiyo waundaji waliyafunika ya mbali na kumwachia mchezaji ajazie mwenyewe kichwani. Novemba 2021 gemu hiyo ikarudi imeng'arishwa kwa ajili ya konsoli mpya, na ukungu umeondolewa. Kutoka kilele kile kile unauona mji mmoja huku, mwingine kule, barabara zote zimeanikwa kama ramani iliyokunjuliwa mezani. Jimbo ulilokuwa ukisafiri ndani yake limegeuka kisiwa kidogo.

Nataka gemu za zamani zirudi, na nataka zirudi nyingi. Ila kila nikisikia watu wanataja zile zinazostahili rimasta, nakumbuka mlima ule, na najiuliza kama atakayekabidhiwa kazi anajua ukungu uliwekwa kwa sababu gani.

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo hutumiwa kiholela. Rimasta huchukua gemu ile ile na kuisafisha: picha zinakuwa kali, fremu, yaani picha zinazopita kwa sekunde, zinaongezeka, sauti inatakata. Rimeki hujenga upya tangu msingi. Resident Evil 2 ya 2019 ni rimeki, na ni gemu nzuri sana, lakini kamera za ile ya 1998, zilizosimama kwenye pembe za vyumba zikakuficha kinachokusubiri, hazimo tena. Anayeicheza ya 2019 hajui ile ya 1998 ilitishaje. Ninaloliongelea hapa zaidi ni rimasta, kwa sababu ndiyo inayodai kwamba kinachorudi ni kitu kile kile.

Hoja ya kuzirudisha ina uzito usiopingika kirahisi. Julai 2023 shirika la Video Game History Foundation la Marekani, likishirikiana na Software Preservation Network, lilitoa utafiti ulioonyesha kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Miezi michache kabla, tarehe 27 Machi, Nintendo ilikuwa imefunga mauzo katika maduka ya kidijitali ya Wii U na 3DS. Duka la Xbox 360 likafuata tarehe 29 Julai 2024. Oktoba ya mwaka huo huo, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba kuwafungulia watafiti gemu za zamani kutoka mbali, bila wao kulazimika kufika kwenye jengo.

Kitabu cha miaka mia hufunguliwa na kusomwa. Gemu ya konsoli haina uhuru huo. Imefungwa kwenye mashine moja, na mashine hiyo inazeeka: lenzi ya kusomea diski inachoka, betri ya kuhifadhia mchezo inakufa. Imuleta, programu zinazoiga mashine za zamani kwenye kompyuta, zimefanya kazi kubwa ya kuokoa, tena mara nyingi kwa mikono ya watu wasiolipwa, nami nawashukuru. Hata hivyo zinamtaka mtumiaji awe na ufundi kidogo, na swali la faili la gemu limetoka wapi huwa halina jibu safi kisheria. Kijana anayetaka tu kuelewa kwa nini watu wazima wanaisifia gemu fulani anapaswa kuweza kuinunua na kuiwasha.

Sasa upande wa pili, ambao mimi husita nikiusikiliza kwa sababu una ushahidi mwingi.

Kwanza, wachapishaji hawaokoi kinachozama, wanarudisha kinachouza. The Last of Us ilitoka PlayStation 3 mwaka 2013, ikapewa rimasta 2014, ikajengwa upya 2022. Mara tatu ndani ya miaka isiyofika kumi, kwa gemu ambayo haikuwa imepotea hata siku moja. Pili, ile mpya huja kumfukuza mwenyeji. Kabla ya mkusanyiko wa Grand Theft Auto wa 2021, ule wenye San Andreas iliyong'arishwa, kutoka, matoleo ya zamani yaliondolewa kwenye maduka ya kidijitali, kisha mkusanyiko wenyewe ukaja na makosa mengi kiasi kwamba wachapishaji wake, Rockstar, waliomba radhi na kuyarudisha ya zamani kwa wenye kompyuta. Aliyetegemea konsoli alibaki na lililopo.

Tatu ni lile la ukungu, na hapa ndipo penye utamu. Silent Hill, gemu ya kutisha ya 1999, ilikuwa na tatizo lile lile: PlayStation ya kwanza, yenye megabaiti 2 tu za kumbukumbu kuu, haikuweza kuonyesha mtaa mrefu. Waundaji wakaujaza mji ukungu mzito, na udhaifu wa mashine ukawa ndiyo hofu yenyewe. Unasikia kitu kinakuja kabla ya kukiona. Silent Hill 2 ya 2001 iliurithi ukungu huo na kuupa maana zaidi, ya mtu asiyetaka kuona alichokifanya. Halafu mwaka 2012 ukatoka mkusanyiko ulioboreshwa wa ya pili na ya tatu, na wenye kuijua gemu walishtuka: ukungu umeharibika, maji yanaishia ghafla kama yaliyokatwa, sauti zina hitilafu. Sababu ilikuja kujulikana baadaye. Msimbo chanzo uliokamilika, yaani maandishi ya programu inayoiendesha gemu, haukuwa umehifadhiwa, na timu ilifanyia kazi msimbo ambao haukuwa wa mwisho, hivyo ikalazimika kutatua upya makosa yaliyokwisha kutatuliwa miaka kumi na moja nyuma.

Huo si mkosi wa gemu moja. Kwa Kingdom Hearts ya 2002 pia, kampuni ya Square Enix ilikuta mali nyingi za gemu ya mwanzo, yaani faili zilizotumika kuiunda, zimepotea, ikabidi zitengenezwe upya kwa kuichunguza gemu iliyokamilika ndipo toleo la 2013 liwezekane. Viwanda vingine vinatunza kanda na hati zao kwenye maghala. Gemu zilitupwa zikiwa bado changa, kwa sababu hakuna aliyeamini kuwa zitatakiwa tena.

Hata runinga ina sehemu yake. Gemu za miaka ya 1980 na 1990 zilichorwa kwa ajili ya runinga za chogo, ambazo ziliyeyusha kingo za picha. Maporomoko ya maji katika Sonic the Hedgehog ya 1991 ni mistari iliyosimama yenye nafasi kati yake. Kwa waya za siku zile mistari ilichanganyika, na maji yakaonekana kupitisha mwanga. Kwenye skrini kali ya leo ni mistari tu. Kwa hiyo anayesema "iongezee ukali wa picha, basi" huenda anaondoa kile kile kilichochorwa.

Je, haya yote yanatosha kusema gemu ziachwe zilivyo? Sikubali, na sababu yangu ni Shadow of the Colossus. Gemu hiyo ya 2005 iliielemea PlayStation 2. Ukiwa umeng'ang'ania manyoya ya jitu linalojitikisa, picha ilikwama na kuburuta. Wapo wanaosema kule kukwama kulilipa jitu uzito. Nimejaribu kuikubali hoja hiyo, lakini nilipocheza toleo la PlayStation 3 la 2011 lililofanywa na studio ya Bluepoint, jitu lilikuwa zito vile vile, na uwanda wa kimya kati ya vita moja na nyingine ulikuwa mpana vile vile. Kilichopungua ni mashine kuhema. Bluepoint hao hao waliijenga upya 2018, kwa uzuri wa kustaajabisha, na bado mimi hurudi kwa ile ya 2011, iliyogusa kidogo.

Kwa hiyo si kila udhaifu wa mashine ya zamani ni sanaa. Mwingine ulikuwa kero siku ile na ni kero leo. Kuupambanua kunahitaji mtu aliyeicheza gemu kwa miaka, na pale asipokuwa na hakika, amwachie mchezaji achague. Halo ya 2001 iliporudi 2011 ilikuwa na kitufe kimoja: ukikibonyeza katikati ya mapambano, picha za zamani zinarudi papo hapo. Tomb Raider tatu za mwanzo zilifanyiwa hivyo Februari 2024, na Soul Reaver mbili Desemba ya mwaka huo. Kwangu kitufe hicho kina thamani kuliko poligoni milioni, vile vipande vidogo vinavyojenga picha. Anayekiweka anakubali kulinganishwa. Na San Andreas? Novemba 2024, miaka mitatu baadaye, sasisho lilileta chaguo la mwanga na anga ya zamani. Ukungu ukarudi mlimani.

Ipi basi ipewe zamu? Yangu ya kwanza ni Panzer Dragoon Saga, ya Sega Saturn, mwaka 1998. Ilitoka kwenye diski nne wakati Saturn inakata roho, nje ya Japani nakala zikawa chache, na haijawahi kutolewa tena kwa konsoli nyingine. Vita vyake bado havijaigwa ipasavyo: joka lako linamzunguka adui huku vipimo vya nguvu vikijaa, na kila upande unaosogea una hatari yake na udhaifu wake, kwa hiyo unakaa ukipima kama usubiri upige kwa nguvu au ukimbie upande salama. Mashine ile ilikuwa na prosesa mbili na ilichora kwa pembe nne pale wengine walipochora kwa pembetatu, jambo linaloifanya kuwa ngumu kuhamishwa. Gemu ya namna hiyo ndiyo rimasta iliyozaliwa kuitumikia. Def Jam: Fight for NY ya 2004 nayo inastahili, ingawa sura na sauti za wanamuziki zilizomo ni mlima wa leseni; GoldenEye 007 ya 1997 ilisubiri hadi Januari 2023 kwa sababu haki zake zilikuwa mikononi mwa zaidi ya mmoja.

Inayonipa shida ni Xenogears, ya 1998. Diski yake ya kwanza ni safari ndefu na pana. Ya pili, timu ikiwa imebanwa na muda, inamkalisha mhusika kwenye kiti gizani asimulie matukio ambayo tulipaswa kuyacheza. Kila anayeiombea rimasta huomba pia diski hiyo "ikamilishwe". Ninaelewa hamu hiyo, na kwa miaka nilikuwa nayo. Lakini katika giza lile, na kidani kikibembea nyuma ya msimulizi, hadithi inageuka ungamo, na sijakutana na kitu kama hicho kwenye gemu nyingine. Wakiweza, waongeze kasi ya maandishi, ambayo ni ya polepole kupita kiasi, na wasafishe picha. Kile kiti wakiache pale pale gizani.