Kazi ya mwalimu ikae ukuta mmoja na ya mwanafunzi?

Wilaya ya elimu inapoandaa maonyesho ya sanaa ya shule zake zote, mjadala mkali kuliko ule wa ukumbi na fedha huwa unawahusu walimu. Wapo wanaotaka walimu wa sanaa walete kazi zao na zitundikwe pamoja na za wanafunzi. Wapo wanaosema maonyesho ni ya watoto, na mwalimu atosheke na kuyaandaa. Mara nyingi mjadala huo huishia kwenye maafikiano mabaya kuliko pendekezo la upande wowote: kona ya walimu nyuma ya ukumbi, isiyotazamwa na mtu na isiyomfundisha mtu.

Wanaotaka walimu wakae nje wana hesabu ya ukuta mkononi, na hesabu hiyo si ya kupuuza. Mchoro wa ukubwa wa A3 uliobandikwa wima juu ya kadibodi yenye ukingo wa sentimita 5 kila upande una upana wa karibu sentimita 40. Ukiacha sentimita 10 kati ya mchoro na mchoro, kila mita ya ukuta inabeba michoro 2 kwa safu moja. Wilaya yenye shule 25, kila shule ikileta kazi 12, ina kazi 300. Hizo zinataka mita 150 za ukuta, au mita 75 zikipangwa kwa safu mbili. Sasa walimu 40 walete kila mmoja turubai ya uchoraji ya upana wa mita moja, na turubai ya kiasi hicho ihitaji angalau sentimita 25 za kupumua kabla ya inayofuata: hapo zimekwenda mita 50, yaani nafasi ya watoto 100 katika safu moja. Mtoto aliyeambiwa kazi yake haikupata nafasi ana haki ya kuuliza ukuta umekwenda wapi.

Hoja yao ya pili ni ya mwanga. Makumbusho huweka rangi za maji, karatasi za rangi na vitambaa kwenye mwanga wa karibu luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na picha za rangi ya mafuta kwenye luksi 150 hadi 200. Kwa maonyesho ya wiki mbili, taa ya luksi 200 haitaharibu rangi za maji kwa kiasi cha kuonekana. Tatizo ni kwamba taa zikielekezwa kwenye turubai kubwa ya mwalimu, mchoro wa penseli wa mtoto wa miaka 8 ulio pembeni unabaki gizani, na jicho la mtazamaji halirudi. (Adui halisi wa karatasi za rangi ni jua la dirishani, ambalo hufika maelfu ya luksi na kuzifubaza ndani ya siku chache. Kazi za aina hiyo zisikae mkabala na dirisha kamwe, hata kama ukuta huo ndio mzuri kuliko yote.)

Hoja ya tatu ni ulinganisho: mtoto akiona kazi yake kando ya ya mtu mzima atajiona duni. Hapa naona wametaja maumivu sahihi lakini wakakosea chanzo. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Waliokuwa wameahidiwa cheti kwa kuchora, baadaye walitumia karibu nusu tu ya muda ambao wenzao walitumia kuchora kwa hiari. Waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupungukiwa hamu. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Teresa Amabile alionyesha kwamba wasichana wa miaka 7 hadi 11 waliotengeneza kolaji (picha ya vipande vilivyobandikwa) wakishindania zawadi walitoa kazi zenye ubunifu mdogo kuliko waliojua zawadi zitagawiwa kwa bahati nasibu. Kinachomdhuru mtoto ni tuzo iliyotangazwa na mashindano yake. Wilaya inayoogopa ulinganisho huku ikibandika utepe wa mshindi wa kwanza, wa pili na wa tatu imeziba dirisha na kuacha mlango wazi.

Upande unaowataka walimu ndani kwa kawaida husema kwamba mwalimu anayefanya sanaa hufundisha vizuri zaidi. Ni kweli kwa kiasi, ila hoja hiyo haitoshi, kwa sababu mwalimu anaweza kufanya sanaa nyumbani bila kuitundika. Hoja yao yenye nguvu husemwa kwa nadra: mkono wa mwalimu tayari uko ukutani, hata kazi yake isipokuwepo. Umejificha ndani ya kazi za watoto.

Mtu anayepokea kazi za shule huutambua upesi. Michoro 12 ya darasa moja ina mti uleule upande wa kushoto, mstari wa upeo wa macho uleule, na mchanganyiko uleule wa kijani. Macho na midomo ya sura iliyochorwa ina mistari safi kuliko mwili mzima. Kolaji ina vipande vilivyokatwa kwa mkasi wa mtu mzima na kubandikwa na mtoto. Hata Franz Cižek, aliyeanzisha darasa lake la sanaa la watoto mjini Vienna mwaka 1897 na kusifika Ulaya nzima kwa kuwaacha watoto huru, alikuja kukosolewa kwamba kazi za wanafunzi wake zilifanana mno kuwa za watoto walioachwa huru. Kadiri wilaya inavyohimiza maonyesho mazuri, ndivyo mwalimu anavyoshawishika kunyoosha hapa na kuongeza pale, kwa kuwa kazi hizo ndizo kipimo chake mbele ya wakuu na wazazi.

Mwalimu akipewa nafasi ya kuonyesha kazi yake kwa jina lake, shinikizo hilo hupungua. Ana mahali pa kuweka ustadi wake bila kuuazimisha kwa mtoto. Kwa sababu hii nasimama na wanaowataka walimu ndani, lakini kwa masharti, kwa kuwa hesabu ya ukuta na mwanga bado ipo.

Sharti la kwanza ni ukubwa. Kila mwalimu alete kazi moja, isiyozidi ukubwa wa A2, fremu ikihesabiwa humo. Wapo watakaolalamika, hasa wachoraji wa turubai kubwa, lakini maonyesho haya si mahali pa kupimana vifua. Kwa kazi za kusimama, kama uchongaji na ufinyanzi, kitako kisizidi sentimita 40 kwa 40.

Sharti la pili ndilo linalobadilisha kila kitu: mwalimu alete pia karatasi mbili au tatu za maandalizi, yaani rasimu, majaribio ya rangi, toleo lililoharibika. Mwanafunzi akiona kazi iliyokamilika peke yake anaona kipaji. Akiona rasimu tatu zenye mkono uliokataa kukaa sawa anaona kazi, na kazi inafundishika. Wanafunzi wa sekondari waombwe vivyo hivyo. Wadogo wasisumbuliwe, maana wengi wao hawana rasimu, na kuwalazimisha ni kuwaomba watu wazima wazitengeneze.

Sharti la tatu ni mpangilio. Usipange kwa shule, wala usiwatenge walimu. Panga kwa tatizo ambalo kazi inashughulika nalo: sura ya mtu, mwanga wa usiku, maji, mwili unaokimbia. Mchoro wa mkaa wa mtoto wa darasa la tatu na wa mwalimu, yote miwili ikihangaika na kivuli cha shingo, inaongea. Kitovu cha kila kazi kiwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Eneo la kazi za wadogo lishuke hadi sentimita 120, kwa sababu watazamaji wake wengi ni wa kimo hicho. Ukipanga safu mbili, nafasi iliyo kati ya safu ndiyo ikae kwenye kimo cha kitovu cha eneo hilo, na kazi zenye mistari laini ziende chini.

Utundikaji ndipo maonyesho mengi huanguka, kwa maana halisi ya neno. Utepe wenye gundi pande mbili hauaminiki: hushika vumbi la chokaa badala ya ukuta, na joto la ukumbi uliojaa watu hulegeza gundi hadi kadibodi nzito zinaanza kuporomoka usiku. Kwa karatasi, piga msumari mdogo na uning'inize kibanio cha chuma, kisha kibanio kishike ukingo wa kadibodi, si mchoro wenyewe. Pini inayotoboa pembe za mchoro ni uharibifu usiorekebishika. Fremu nzito ishikwe na misumari miwili badala ya mmoja, ndipo haitapinda kila mlango ukifungwa. Kazi ya mkaa au pasteli (chaki laini za rangi) inyunyiziwe dawa ya kugandisha kwa umbali wa sentimita 30, tabaka nyembamba kadhaa, nje kwenye hewa. Isifunikwe kwa plastiki ngumu, kwani umeme tuli wa plastiki huvuta unga wa mkaa kutoka kwenye karatasi. Ufinyanzi usiochomwa usisafirishwe hata kidogo. Wenye kuta nene hukawia kukauka, na ambao haujakauka kabisa huweza kupasuka tanurini, kwa hiyo tarehe ya mwisho ya kazi za udongo iwe angalau wiki tatu kabla ya ile ya michoro.

Uteuzi nao una pande mbili. Ukiruhusu kila mtoto, ukuta hautoshi. Ukiachia jopo lichague bora, utapata kazi za watoto walewale wenye mkono mwepesi kila mwaka, na za shule zilezile zenye vifaa. Njia ninayoiona ya haki ni mgao sawa kwa kila shule, nusu ikichaguliwa na mwalimu na nusu na wanafunzi wenyewe, kila mmoja akiandika sentensi mbili za kueleza kwa nini kazi hiyo. Chaguo la watoto mara nyingi humshangaza mwalimu, na hapo ndipo mti wa upande wa kushoto hutoweka.

Linabaki doa moja ambalo masharti haya hayalifuti. Shule isiyo na mwalimu wa sanaa itafika bila kazi ya mwalimu, na pengine na kazi dhaifu za watoto. Kuwaweka walimu ndani ya maonyesho kunalifanya pengo hilo lionekane wazi. Wanaopinga huliita aibu kwa shule hizo. Naona ni taarifa ambayo wilaya ilipaswa kuwa nayo siku nyingi, mradi lebo zisiandike jina la shule kwa herufi kubwa kuliko la mtoto. Mwalimu wa hisabati au wa sayansi anayechonga au kufuma akaribishwe pia kwa niaba ya shule yake.

Kuhusu majina, hakimiliki ya mchoro ni ya aliyeuchora, hata akiwa na miaka 6. Fomu ya mzazi itenganishe ruhusa tatu: kutundika, kupiga picha kwa ajili ya bango, na kuweka picha mtandaoni. Kwa mtandao litumike jina la kwanza na darasa tu. Mwalimu asiuze kazi yake ndani ya maonyesho haya, kwani bei ikishabandikwa kando ya mchoro wa mtoto, ulinganisho uliokwepwa kwa kuacha tuzo unarudi kwa njia ya fedha.

Kila kazi iandikwe nyuma kwa penseli: jina, shule, darasa, namba ya orodha, na mshale wa upande wa juu. Kazi nyingi hupotea kwa sababu taarifa hizo ziliandikwa kwenye karatasi ya kufungia, ambayo hutupwa siku ya kwanza. Siku ya kushusha, za wanafunzi zitoke kwanza, zihakikiwe kwa orodha moja baada ya moja na kutiwa sahihi na mtu wa shule husika. Walimu wachukue zao zikiisha kuondoka za mwisho za watoto.