Dola ya utafiti ikiingia Dar, inakaa siku ngapi?

Wamarekani hawaoni haya kupiga hesabu. NIH, taasisi yao ya utafiti wa afya, iligawa ruzuku za karibu dola bilioni 37 mwaka wa fedha 2024. Muungano wa United for Medical Research ukakokotoa kwamba kila dola 1 ilizaa shughuli za kiuchumi za dola 2.56, na fungu zima likabeba ajira zaidi ya 400,000. Waliopiga hesabu wamo upande wa wapokeaji, kwa hiyo ichukue kwa tahadhari. Lakini angalau kila jimbo linajua fungu lake. Massachusetts peke yake hupata zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka, na mbunge wa kule akisikia panga la bajeti linakuja, anajua litawagusa wapiga kura wake.

Sisi hapa Dar utafiti wa afya tumewaachia madaktari. Nenda Mikocheni zilipo ofisi za Taasisi ya Afya Ifakara, au Upanga kwa MUHAS, chuo kikuu cha afya. Mradi ukiingia, wanaajiriwa wadodosaji, wauguzi, watunza takwimu, madereva. Wanapanga Tabata na Mbezi, kodi ya miezi sita mkononi. Wanakatwa PAYE, kodi ya mshahara, wanachangia mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, na mama lishe wa jirani anaongeza sufuria. Mradi ukifungwa, yote yanakwisha kwa barua moja, maana mkataba ni wa mradi. Mei 2025 NIH ilitangaza kusimamisha ruzuku mpya zinazopitia vyuo vya Marekani kwenda taasisi za nje mpaka utaratibu ubadilishwe. Hapo mwenye nyumba wa Tabata anaingiaje? Anaingia sana tu.

Ila tusijidanganye kwamba dola ya Dar inazaa kama ya Boston. Fungua boksi la maabara: vitendanishi, yaani kemikali za vipimo, vya Ulaya, mashine ya Marekani, hata vile vincha vya plastiki vya pipeti, kile kifaa cha kufyonza na kupima vimiminika, vincha vya kutumia mara moja na kutupa, vimetoka nje. Na huu ni mji unaofyatua ndoo na chupa za maji usiku na mchana! Najua kincha cha pipeti kinataka usafi na vipimo ambavyo ndoo haivitaki, sisemi kazi ni nyepesi. Nasema hapo ndipo fedha zinapotuponyoka, na hakuna anayelivalia njuga, labda kwa sababu plastiki haina heshima ya chanjo. Ingawa hata chanjo ni yaleyale: R21 ya malaria ilijaribiwa Bagamoyo miongoni mwa sehemu nyingine, kiwanda kiko Pune, India.

Nchi za Afrika zimejiwekea lengo la kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Mimi ningeanza na padogo. Hazina iwe na akiba ya kuwashika wataalamu kwa miezi michache mfadhili anapoondoka ghafla, wasitawanyike. Na COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kabla ya kutoa kibali cha utafiti, iulize ni kiasi gani cha bajeti kitanunua vitu hapahapa nchini. Watafiti watalalamika kwamba wameongezewa fomu nyingine. Walalamike, wajaze.